Kiungo Tusichokitaja

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni
Somo: 1 Wakorintho 12:22–26

  

Katika somo letu Mtume Paulo anasema juu ya mwili na viungo vyake. Anatufundisha kwamba viungo tunavyovidhani kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi, na kwamba vile tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyopaswa kuviheshimu zaidi. Tena anasema kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Mara nyingi tunalisoma somo hili tukiwafikiria washirika walio maskini, au wale wasio na cheo kanisani. Ni vema. Lakini Paulo alitumia mfano wa mwili wenyewe, na leo twataka kuanza hapo hapo, katika mwili, kwa jambo ambalo halitajwi mimbarani. Twataka kusema juu ya taabu ya kufunga choo, na hasa ile ya muda mrefu ambayo hata daktari akiisha kupima haoni sababu yake.

Huenda msikilizaji mmoja sasa anaunyosha mkono aifunge redio, kwa sababu watoto wapo sebuleni au baba mkwe amekuja kuwatembelea. Ngoja kidogo, ndugu. Biblia haina aibu hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Mungu aliwaagiza Waisraeli mahali pa kwenda haja na jinsi ya kufukia kwa udongo, ili kambi yao iwe safi, kwa maana yeye alikuwa akitembea katikati yao. Na Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 7, alipowafundisha wanafunzi juu ya moyo na chakula, alieleza waziwazi kwamba chakula huingia tumboni kisha hutoka kwenda chooni. Ikiwa Mwokozi wetu hakuona haya kulitaja, sisi tutaona haya kwa nini?

Sasa twende kwa mawazo mpaka soko la Daraja Mbili, pale mjini Kisii. Mnalijua. Ndizi zimepangwa mikungu kwa mikungu, avokado zimelundikwa chini, na akina mama wameketi nyuma ya mafungu ya chinsaga na managu, nderema na majani ya maboga. Kuna viazi vitamu, maharage, mapapai na unga wa wimbi. Mgeni akitembea humo aweza kusema, hakika watu wa nchi hii hawana haja ya dawa ya tumbo, maana Mungu amewapa dawa shambani.

Lakini tumfikirie mama mmoja aliyeketi humo kati ya mboga zake. Aweza kuwa mama yeyote. Ameamka kabla ya mapambazuko ili awahi gari la mizigo. Hakunywa maji, kwa kuogopa kubanwa njiani. Saa mbili asubuhi mwili wake unamwita msalani, lakini wanunuzi wamefika, na hana wa kumwachia mali yake. Anajizuia. Saa tano anajizuia tena. Jioni akifika nyumbani, ule mwito umekwisha kupita. Kesho hivyo hivyo. Miaka inapita, na mama huyu auzaye mboga za kuwafaa watu wote hupata choo mara moja kwa juma, kwa maumivu na machozi. Tumbo limejaa kama ngoma. Hakumwambia mume wake, wala hakumwambia dada yake wa umoja wa akina mama. Mchungaji akimsalimu baada ya ibada, husema, “Ni wazima, tunamshukuru Mungu.”

Waganga wa hospitali wanatufundisha hivi. Chakula kikiisha kusagwa tumboni na kupita katika utumbo mwembamba, mabaki huingia utumbo mpana yakiwa majimaji. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji hayo na kuyarudisha mwilini. Mabaki yakipita kwa mwendo wa kawaida, hutoka yakiwa laini. Yakichelewa, utumbo huendelea kufyonza, nayo hukauka na kuwa magumu. Tena, mtu akizoea kuuzuia mwito wa mwili kila siku, mwito wenyewe hufifia, kama mtoto aliyeita mara nyingi asijibiwe, mwishowe akanyamaza.

Wala si lazima kila mtu aende kila siku. Mwenye afya aweza kwenda mara tatu kwa siku, na mwingine mara tatu kwa juma, na wote wawili wako sawa. Lakini mtu akienda chini ya mara tatu kwa juma, au akilazimika kujikamua sana, au choo kikiwa kigumu kama mawe madogo, au akiona kila mara kwamba hakikwisha, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi, huyo ana ugonjwa. Aseme hivyo pasipo haya.

Hapa inafaa tumkumbuke ndugu mmoja katika imani, Daktari Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa kijana wa shule alipoteza jicho moja. Mwaka 1946 alikuja Uganda kuwa daktari wa serikali, kwanza Lira, kisha katika hospitali ya Mulago huko Kampala. Alikuwa mtu wa sala na wa kusoma Biblia. Dunia inamjua kwa sababu alitambua saratani ya taya inayowapata watoto wa Afrika, ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Lakini baadaye alijulikana pia kwa jambo ambalo wengine walilicheka: alijishughulisha na choo cha watu.

Burkitt aliona kwamba baadhi ya magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza yalikuwa machache sana vijijini Afrika. Akauliza kwa nini. Mwaka 1972 yeye na wenziwe wawili, Walker na Painter, walitoa matokeo ya vipimo vyao. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilichukua kama saa 36 kupita mwilini, na choo chao kwa siku kilikuwa kama gramu 470. Kwa watu wa jeshi la majini la Uingereza, kilichukua kama saa 83, na choo chao kilikuwa kama gramu 104 tu. Burkitt aliona tofauti hiyo imetoka katika nyuzinyuzi za chakula, yaani yale makapi ya nafaka, mboga, kunde na matunda ambayo tumbo haliwezi kuyayeyusha. Yale ambayo viwanda viliyatupa kama takataka, Mungu aliyaweka yawe na kazi: hushika maji, hukilainisha choo na kukisukuma mbele.

Basi, tuyapokee mafundisho hayo kwa shukrani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Katika soko kama la Daraja Mbili si jambo gumu. Avokado moja ya kiasi ina kama gramu 10, na sahani ya maharage nayo ina nyingi. Ugali wa wimbi, au wa mahindi yasiyokobolewa yaliyosagwa posho mill, unazo kuliko ule wa unga mweupe wa paketi. Ni ajabu kwamba siku hizi baadhi yetu tunayauza hayo yote mjini, kisha kwa fedha ile tunanunua mkate mweupe na chipsi.

Lakini, ndugu wapendwa, tusiishie hapo. Kama tungeishia hapo tungemwumiza mtu. Maana yuko mshirika mwenzetu ambaye hula chinsaga kila siku, hunywa maji na uji wa wimbi, hulima shamba lake kwa jembe, wala hajizuii, na bado hapati choo. Amekwenda zahanati, akapewa dawa za minyoo. Amekwenda hospitali kubwa, wakampima damu, wakampiga picha, wakamwambia, “Hatuoni kitu.” Kila anayemwambia shida yake humjibu, “Kula mboga.” Naye mboga amezila mpaka amechoka. Elimu ya Burkitt ni ya kweli, lakini haimfikii huyu. Wako watu ambao utumbo wao huenda polepole tu kwa asili yake. Wako wengine ambao misuli ya njia ya haja, badala ya kulegea wakati wa kusukuma, hujikaza, kama mtu anayeusukuma mlango huku ameushika kwa mkono wa pili. Sababu ya mambo haya mara nyingi haijulikani. Na tukimwongezea mtu wa namna hii mboga juu ya mboga, pengine tumbo huzidi kujaa hewa na kuuma.

Ugonjwa usio na sababu ni mzigo wa namna mbili. Kuna maumivu yenyewe, na kuna swali: Kwa nini mimi? Na mahali ambapo swali halina jibu, majibu mabaya huja yenyewe. Wengine humwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo. Wengine humwambia ana dhambi ameificha, ndiyo maana tumbo lake limefungwa. Na wengine humwambia kwamba amefungwa na mtu, kwamba jirani amemtupia kitu, au bibi kizee fulani amemlisha kitu.

Ndugu, neno hilo la mwisho tusilichezee. Katika nchi yetu hii ya Gusii tunajua linafika wapi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, kule Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati wa watu kwa kushutumiwa uchawi. Walikuwa mama za watu na nyanya za watu. Jambo la namna hiyo halianzi kwa moto. Huanza kwa mnong'ono, mtu anapopata taabu asiyoweza kuieleza, na mwenziwe akamwinamia sikioni akamwuliza, “Unadhani ni nani?” Kwa hiyo Mkristo anayemjibu mgonjwa kwa hekima, hata juu ya jambo dogo kama choo, huenda anauokoa uhai wa mzee asiyemjua. Mgonjwa wako akikuuliza ni nani aliyemfunga, mwambie kwa upole: hakuna mtu. Hata daktari asipoona sababu, bado hakuna mtu.

Wanafunzi wa Bwana nao waliuliza swali la namna hiyo. Katika Yohana sura ya 9 walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakumtafutia mkosaji. Aliwaelekeza kwenye kazi ya Mungu iliyopaswa kutendeka kwa mtu yule.

Tena mwangalieni Timotheo. Huyu alikuwa mchungaji, mwana wa Paulo katika imani, mtu aliyelelewa katika Maandiko tangu utoto. Lakini katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, mstari wa 23, tunasoma kwamba alikuwa na taabu ya tumbo na magonjwa yaliyomrudia mara kwa mara. Je, Paulo alimwambia nini? Hakumwambia atubu. Hakumwambia afunge siku saba. Hakumwambia amtafute adui yake. Alimpa shauri dogo juu ya kinywaji chake, kadiri ya dawa zilizojulikana wakati ule. Hatuusomi mstari huo ili kuutetea ulevi, la hasha. Tunausoma ili tuone kwamba Mtume, ambaye kwa mikono yake Mungu aliwaponya wengi, alipoandika juu ya tumbo la rafiki yake aliandika kama mtu wa nyumbani: fanya hivi, utapata nafuu. Wala hakumvua Timotheo uchungaji wake kwa sababu hajapona.

Basi na sisi tutoe shauri la nyumbani, kama tulivyofundishwa na waganga.

Kwanza, mpe mwili saa yake. Utumbo huamka baada ya chakula, hasa asubuhi. Baada ya uji au chai, nenda msalani hata kama hujabanwa, ukae dakika chache, si zaidi ya kumi, bila kujikamua kwa nguvu. Lisipotoka neno, inuka uende kazini kwa amani, ujaribu kesho saa ile ile. Na mwili ukikuita, itika. Mama wa sokoni, agana na jirani yako: leo akulindie mali, kesho umlindie yake. Huo nao ni upendo wa Kikristo.

Pili, angalia namna ya kukaa. Wazee wetu walichuchumaa, na njia ile huunyosha mfereji wa haja. Aliye na choo cha kuketi aweke kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele kidogo.

Tatu, ongeza nyuzinyuzi polepole, kwa majuma, si kwa siku moja. Na maji yafuatane nazo, ya kutosha hata mkojo uwe mweupe. Ukiona zinazidisha taabu, usijilazimishe. Rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo.

Nne, chunguza dawa unazotumia. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito vyaweza kufunga choo. Vivyo hivyo dawa nyingine za maumivu zenye kodeini, baadhi ya dawa za kiungulia, na baadhi za shinikizo la damu. Usiziache kwa shauri lako mwenyewe. Mwulize mkunga au daktari kama kuna namna nyingine. Tena ugonjwa wa kisukari na ule wa tezi ya shingo huweza kuleta taabu hii, kwa hiyo kupimwa ni vema.

Tano, jihadhari na dawa za kujiharisha. Kuna watu kila Jumamosi hunywa mafuta ya mbarika au sanamaki kupita kiasi, au hupigwa bomba la maji ya sabuni na dawa za miti wasizozijua, mpaka wanaishiwa nguvu. Bomba la namna hiyo laweza kuuchoma utumbo. Hatusemi sanamaki ni sumu. Madaktari wenyewe huiagiza, kwa kipimo, na wana dawa nyingine za kulainisha choo, kama laktulosi, ambazo mtu aweza kuzitumia kwa muda mrefu akiangaliwa. Anayehitaji dawa hiyo kila siku asijione ameshindwa. Mbona anayevaa miwani hajioni ameshindwa? Na yule ambaye misuli yake hujikaza, wataalamu wa mazoezi ya viungo waweza kumfundisha upya jinsi ya kuilegeza.

Sita, na hili mlishike sana: kuna dalili ambazo hazingoji. Ukiona damu katika choo, ukikonda bila sababu, ukiishiwa damu, au kama choo chako kimebadilika ghafula nawe umepita miaka 50, nenda hospitali upesi upimwe utumbo, maana saratani ya utumbo huanza hivyo wakati mwingine. Na tumbo likivimba, ukatapika, na hata hewa isipite, usingoje asubuhi. Usiseme, “Ni ile taabu yangu ya siku zote.” Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Hilo neno la kuficha ndilo tunalotaka kulimalizia. Sisi Waprotestanti twamheshimu Martin Luther, aliyesimama mbele ya Kaisari huko Worms mwezi wa Aprili mwaka 1521. Baada ya hapo marafiki zake walimficha katika ngome ya Wartburg ili asiuawe. Na huko ngomeni, mtu huyu asiyemwogopa Kaisari alipatwa na taabu hii hii tunayoizungumza, kwa miezi kadhaa, kwa maumivu makali. Tunajuaje? Kwa sababu aliandika. Aliwaandikia marafiki zake, Melanchthon na Spalatin, akawaeleza pasipo kuficha maneno. Spalatin hakumcheka. Alimpelekea vidonge, na Luther akavimeza. Na katika ngome ile ile, kabla ya majira ya baridi kwisha, alikuwa ameligeuza Agano Jipya kwa Kijerumani, likapigwa chapa Septemba mwaka 1522. Angalieni basi: mtu mmoja aliyeumwa, aliyesema, aliyepokea dawa kwa rafiki, na aliyeifanya kazi ya Mungu. Mambo hayo yote yalikaa ndani ya mtu mmoja.

Je, kanisani kwetu kuna akina Spalatin? Mshirika akitaka kusema, yuko wa kumsikiliza asiyeicheza shida yake wala kuipeleka kisimani? Twaweza kuanza na mambo madogo. Choo cha kanisa kiwe safi, kiwe na maji, na kisifungwe kwa kufuli wakati wa ibada. Anayetoka katikati ya mahubiri asitazamwe kwa jicho kali. Katika mkesha na katika mkutano mkubwa, wapangaji wakumbuke kuwapa watu nafasi. Shuleni, mtoto akiomba ruhusa ya kutoka, apewe, maana wengi walianza taabu hii kwa kunyimwa ruhusa. Na tunapomwombea mgonjwa wa namna hii, tumwombee kwa utulivu, kisha Jumatatu tumsindikize hospitali. Sala na hospitali havigombani.

Paulo mwenyewe, katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, anatwambia juu ya mwiba alioupata mwilini. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa. Hakutwambia ulikuwa ugonjwa gani, na labda ni vizuri, maana kila mwenye mwiba aweza kuketi karibu naye. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba neema ya Bwana ilimtosha, na kwamba nguvu za Bwana hukamilika katika udhaifu. Neema hiyo haikumwondolea mwiba. Ilimwamsha kila asubuhi na mwiba wake, akaenda safari yake.

Ndivyo ilivyo kwako, mama wa sokoni, na kwako, mzee wetu, na kwako, kijana ambaye hujamwambia mtu yeyote. Huenda utapona kabisa, nasi tunamwomba Mungu iwe hivyo. Huenda pia utaishi na taabu hii miaka mingi, ukiitunza kama mkulima atunzavyo shamba lenye mawe: leo anaondoa moja, kesho anapanda, na mwaka huu anavuna kidogo kuliko jirani. Hukulaaniwa. Hukufungwa na mtu. Imani yako haikupungua kwa sababu utumbo wako ni mzito. Wewe ni kiungo cha mwili wa Kristo, na kiungo hicho unachokionea haya, yeye aliyekiumba anakijua. Juma hili, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kisha nenda ukapimwe.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, uliyeumba mwili wetu wote, wa nje na wa ndani, tunakushukuru kwa kila kiungo kinachofanya kazi yake bila sisi kujua. Uwaangalie ndugu zetu wanaoteseka katika jambo wasiloweza kulisema. Uwaondolee aibu. Uwape madaktari hekima, na uvumilivu kwa magonjwa wasiyoyaelewa. Uvilinde vinywa vyetu, tusimlaumu mgonjwa wala kumshutumu jirani. Uwalinde wazee wetu na minong'ono ya watu. Na kwa yule ambaye mwiba wake hautatoka, umpe neema ya leo, na kesho umpe tena. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.